Thredi kwa kila mteja, epoll au io_uring: seva yako ishike soketi kwa njia ipi?

Anayeuliza "nginx au Apache?", yaani programu mbili maarufu za seva ya wavuti, mara nyingi hujibiwa kwa neno moja: kasi. Hii nyepesi, ile nzito, basi. Jibu hilo halimfikishi popote, kwa sababu seva ya wavuti hutumia muda wake mwingi kungoja kuliko kufanya kazi. Inangoja simu ya mteja imalize kutuma ombi, inangoja hifadhidata ijibu, inangoja mtandao uyameze majibu. Njia za kushughulikia soketi (ncha ya muunganisho kati ya seva na mteja) zinatofautiana hapo: nani anakaa akingoja, na kungoja kwake kunakula kumbukumbu kiasi gani. Ukiliangalia suala kwa jicho hilo, kuchagua kunakuwa kwepesi kuliko mabishano ya mitandaoni yanavyoonyesha.

Nalinganisha njia zinazotumika kwenye Linux, kwa kuwa ndiko seva nyingi za kukodi zilipo. FreeBSD na Windows nitazigusa nikipita.

Mchakato mmoja, mteja mmoja

Hii ndiyo njia ya Apache ikiwa na moduli ya prefork. Mchakato, yaani nakala moja ya programu inayokimbia, unachukua muunganisho mmoja, unasoma ombi, unalishughulikia, unaandika majibu, kisha unamgeukia mwingine. Msimbo wake unasomeka kutoka juu kwenda chini kama maelezo ya kawaida. Soketi ikiwa haina data, kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, inaulaza mchakato mpaka data ifike. Kwa mfumo wa ndani wa ofisi yenye watumiaji arobaini, huhitaji zaidi ya hapo.

Balaa ni mteja wa polepole. Chukua abiria kwenye basi linalopanda mlima Kitonga, anapakua fomu ya PDF ya megabaiti 3 kwa simu inayopata megabiti 1.2 kwa sekunde. Megabaiti 3 ni megabiti 24, kwa hiyo upakuaji utachukua sekunde 20. Seva imeshalisoma faili hilo kutoka diski kwa milisekunde chache, lakini haiwezi kulimwaga lote kwa mkupuo. Kila soketi ina bafa, yaani kumbukumbu ya muda ya data inayosubiri kutumwa, ambayo kwenye Linux huanza na takriban kilobaiti 16 na kukua kadiri mtandao unavyoonyesha uwezo. Bafa ikijaa, mchakato unalala ndani ya wito wa `write`, ombi lake kwa kerneli la kuandika data. Simu ikithibitisha kwamba imepokea pakiti kadhaa, nafasi inapatikana, mchakato unaamka, unaandika kidogo, unalala tena. Kwa karibu sekunde 20 nzima mchakato huo, pamoja na lugha ya PHP na maktaba zote zilizopakiwa ndani yake, umeshikwa na abiria mmoja.

Apache ya prefork isiyobadilishwa mipangilio inaruhusu michakato 256 kwa wakati mmoja. Gawanya kwa sekunde 20, unapata wateja wasiozidi 13 kwa sekunde. Anayekuja nafasi zote zimejaa anawekwa kwenye foleni ya kerneli, kivinjari chake kinazunguka tu, na wewe ukifungua `top`, amri inayoonyesha mzigo wa mashine, unaikuta prosesa haina kazi. Siku matokeo ya mtihani yanapotangazwa, hivi ndivyo tovuti nyingi zinavyozimika huku mashine yenyewe ikiwa haijachoka.

Mwenye nia mbaya hahitaji hata wateja wa kweli. Mwaka 2009 Robert Hansen alitoa programu iitwayo Slowloris, inayofungua miunganisho mingi na kutuma vichwa vya ombi kwa kudondosha, kidogo kidogo, bila kumaliza. Kompyuta moja ya kawaida iliweza kuikalia Apache nzima.

Unaweza kupandisha `MaxRequestWorkers`, ukomo huo wa michakato, hadi 2000. Tuseme kila mchakato wenye PHP ndani unakula megabaiti 40: hapo unazungumzia gigabaiti 80 za RAM, za kungojea watu walio kwenye mabasi.

Thredi, yaani mikondo ya kazi inayogawana kumbukumbu ndani ya mchakato mmoja, ni nafuu zaidi, na hapa nizitetee kidogo, maana zinasingiziwa. Linux huitengea kila thredi megabaiti 8 za staki (kumbukumbu yake ya kufanyia kazi), lakini hizo ni anwani tu. Kumbukumbu inayotumika kweli ni ile iliyoguswa, ambayo mara nyingi ni sehemu ndogo sana ya hizo. Thredi elfu moja au mbili kwenye mashine ya leo ni jambo la kawaida kabisa. Hofu kubwa ilitokana na zama ambazo Dan Kegel aliliandika swali lake maarufu la wateja elfu kumi kwa seva moja, mwaka 1999, na mashine za wakati huo si hizi. Ikiwa huduma yako haijawahi kuvuka wateja mia tano kwa pamoja, thredi hazijakukosea chochote.

Mchakato mmoja, wateja maelfu

Njia ya pili ni kuzifanya soketi zisilaze mtu. Ukisoma na hakuna data, kerneli inakurudishia `EAGAIN` papo hapo: hakuna kitu sasa hivi, rudi baadaye. Mchakato mmoja unaweza kushika maelfu ya soketi za namna hiyo, alimradi ujulishwe ipi iko tayari.

Jibu la kwanza lilikuwa `select`, iliyokuja na 4.2BSD mwaka 1983. Inafanya kazi kama mjumbe wa nyumba kumi anayegonga kila mlango kuuliza kama kuna mgeni, akimaliza mtaa anaanza upya. `epoll`, njia ya Linux iliyokuja baadaye, ni mjumbe aliyeweka daftari nyumbani kwake: mwenye jambo anakuja kuandika, na mjumbe anasoma walioandika tu. Kwa soketi 50 hutaona tofauti. Kwa soketi 20,000 ambazo 30 tu zina data, `poll`, ndugu ya `select`, inapitia zote 20,000 kila mara, ilhali `epoll` inakupa hizo 30. Tena `select` ina ukomo wake: kwenye Linux ya kawaida haishiki namba ya faili (kila soketi hupewa moja) inayofika 1024. `poll` iliondoa ukomo huo lakini ikabaki na ugongaji wa milango. Leo sioni sababu ya kuzichagua hizi mbili kwa seva mpya, isipokuwa unaandika programu ndogo inayopaswa kukimbia kila mahali.

`epoll` ya Davide Libenzi iliingia kwenye kerneli ya majaribio 2.5.44 mwaka 2002, ikafika kwa watu wote na Linux 2.6 mwishoni mwa 2003. FreeBSD walikuwa wametangulia: `kqueue` ya Jonathan Lemon ilitoka na toleo 4.1 mwaka 2000, na macOS inaitumia hadi leo. Miezi kadhaa baada ya Linux 2.6, Oktoba 2004, Igor Sysoev aliitoa nginx hadharani, iliyojengwa juu ya wazo hilo tangu msingi.

Turudi kwa abiria wetu wa Kitonga, safari hii akihudumiwa na nginx. Ukiifuatilia kwa `strace`, zana inayoonyesha kila wito kwa kerneli, pasipo usimbaji wa TLS (ule wa HTTPS), utaona mistari ya namna hii (nimeipunguza ili isomeke):

```
epoll_wait(8, ..., 512, -1)                              = 3
recvfrom(14, "GET /fomu.pdf HTTP/1.1\r\n"..., 1024, 0)    = 412
sendfile(14, 19, [0] => [131072], 2097152)               = 131072
sendfile(14, 19, [131072], 1966080)                      = -1 EAGAIN
epoll_wait(8, ..., 512, -1)                              = 2
```

Soketi 14 ndiyo simu yake, namba 19 ndilo faili la PDF. nginx imejaribu kusukuma hadi megabaiti 2, kerneli ikapokea kilobaiti 128, halafu ikasema imejaa. Hakuna aliyelala. Mchakato umerudi `epoll_wait` na kuwachukua wateja wengine wawili. Bafa ya abiria ikipata nafasi, soketi 14 itajitokeza tena kwenye orodha na kazi itaendelea pale ilipoishia. Gharama ya kumngoja ni miundo michache ya data kwenye kumbukumbu. Waandishi wa nginx wenyewe wanasema miunganisho 10,000 iliyo wazi bila kazi inakula takriban megabaiti 2.5.

Angalia pia `sendfile`: data inatoka kwenye kache ya faili kwenda kwenye soketi ndani ya kerneli, haipiti kwenye kumbukumbu ya nginx hata kidogo. Kwa picha, video na PDF, hilo linapunguza kazi ya prosesa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye HTTPS faida hiyo hupotea, kwa kuwa data lazima isimbwe kwanza, mpaka uwe na kerneli inayosimba yenyewe. nginx iliunganishwa na uwezo huo katika toleo 1.21.4 la mwaka 2021, kwa kutumia OpenSSL 3.0.

Njia hii ina uwezo mkubwa. Mwanzoni mwa 2012 WhatsApp walieleza kwamba seva yao moja yenye FreeBSD na lugha ya Erlang ilikuwa imeshika miunganisho zaidi ya milioni 2. Huo ndio mzigo unaoifaa hasa: simu nyingi mno, kila moja ikiwa kimya karibu muda wote.

Ila ina vipengele viwili vya kuangalia. Cha kwanza, mzunguko mmoja unahudumia wote, hivyo kazi moja nzito inawakalisha wote. Ukiandika kwa Node.js (JavaScript ya upande wa seva) kisha ukaweka kitanzi kinachokokotoa ripoti kwa sekunde tatu, kila aliyeunganishwa na mchakato huo atasimama sekunde tatu, hata yule aliyetaka favicon, ile ikoni ndogo ya tovuti. Cha pili kinawashangaza wengi: `epoll` haijui faili za kawaida. Ukijaribu kuiandikisha faili ya diski inakataa kwa kosa la `EPERM` (hairuhusiwi). Kwa hiyo faili likiwa halimo kwenye kache na diski ikawa nzito, mchakato wa nginx unalala kama prefork tu, na maelfu ya wateja nyuma yake wanalala nao. Ndiyo maana nginx 1.7.11 ya mwaka 2015 iliongeza kundi la thredi za kusomea diski (`aio threads`), na Node ina thredi 4 za pembeni kwa kazi hizo hizo.

Ukiandika mzunguko wako mwenyewe kwa hali ya `EPOLLET`, inayokujulisha pale tu data mpya inapofika, soma hadi upate `EAGAIN`. Ukiacha baiti mia ndani ya soketi, `epoll` haitakukumbusha mpaka data nyingine ifike, na mteja anaweza kukaa akingoja jibu ambalo seva haijui kama inadaiwa.

Walio katikati

Apache ya leo si ile ya prefork. Tangu toleo 2.4 la mwaka 2012, moduli ya event ni ya kuaminika: thredi inafanya kazi ya ombi, lakini muunganisho ulio wazi bila kazi, au unaongoja bafa ya kuandikia ipungue, unarudishwa kwa thredi msikilizaji anayetumia `epoll`. Abiria wa Kitonga hashiki tena thredi kwa sekunde 20. Wengi wanaoilaumu Apache wanalaumu prefork iliyoachwa pale kwa ajili ya mod_php, moduli inayoiendesha PHP ndani ya Apache. Hamisha PHP iende PHP-FPM, yenye michakato yake nje ya Apache, washa event, kisha pima upya kabla ya kuhama. Kama una faili kumi za `.htaccess` (mipangilio ya Apache ya kila folda) zilizoandikwa na watu walioshaondoka kazini, kuhamia nginx ni mradi wa wiki kadhaa, wakati hii ni kazi ya mchana mmoja.

Go na Java wamechukua mkondo mwingine: unaandika msimbo kana kwamba kila mteja ana thredi yake, na mashine ya lugha inaugeuza kuwa `epoll` chini kwa chini. Gorutini, thredi nyepesi ya Go, huanza na staki ya kilobaiti 2 tu. Java ilipata thredi pepe, nyepesi za namna hiyo, rasmi kwenye JDK 21, Septemba 2023. Zilikuwa na kikwazo kimoja, kwamba ndani ya `synchronized` (kufuli ya Java ya kuruhusu thredi moja kwa wakati) thredi pepe iling'ang'ania thredi halisi, na hilo likarekebishwa kwenye JDK 24 ya mwaka 2025. Kwa timu inayoanza huduma mpya leo, hapa ndipo ningeiweka. Msimbo wa mzunguko wa matukio unaandikika, lakini kuurithi kutoka kwa mwingine na kutafuta kosa ndani yake usiku ni adhabu.

io_uring

`epoll` hukuambia soketi iko tayari, kisha unaenda kusoma mwenyewe. `io_uring` ya Jens Axboe, iliyoingia Linux 5.1 mwaka 2019, inakwenda mbele zaidi: unaagiza usomaji, kerneli inasoma, inakwambia imemaliza. Programu na kerneli zinashiriki foleni mbili kwenye kumbukumbu moja, ya maagizo na ya majibu, kwa hiyo unaweza kutuma maagizo mengi kwa wito mmoja. Na kwa kuwa inashughulikia faili za diski na soketi kwa namna ile ile, shida ya `EPERM` haipo. Waliozoea Windows wataitambua fikra hii, kwani IOCP, njia yao ya namna hiyo, ilikuwepo tangu NT 3.5 ya mwaka 1994.

Je, ni haraka kuliko `epoll`? Kwa huduma yenye maombi madogo mengi mno, ndiyo, inaweza kuwa. Lakini vipimo vya "hello world" vinanichosha; hakuna mteja anayelipia kusoma hello world. Ikiwa ombi lako linakaa milisekunde 40 kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, kuokoa mikrosekunde chache za wito wa kerneli hakutaonekana popote.

Kuna pia suala la bafa. Kwa `epoll` unatenga bafa data ikishafika. Ukiagiza usomaji mapema, kila mteja aliye kimya anakuwa ameshikilia bafa yake: wateja 100,000 mara kilobaiti 4 ni takriban megabaiti 400 zilizokaa bure. Suluhisho ni kuikabidhi kerneli dimbwi la bafa ichote yenyewe data inapofika, na usomaji endelevu wa Linux 6.0 umelifanya litumike vizuri. Lakini hapo tayari unahitaji kerneli mpya na mtu anayeelewa anachofanya.

Kinachonizuia zaidi ni usalama. Juni 2023 Google walisema asilimia 60 ya mashambulizi yaliyowasilishwa kwenye mpango wao wa kutafuta matundu ya kerneli yalipitia io_uring, wakaizima kwenye ChromeOS na kwenye seva zao za uzalishaji. Docker, programu ya kuendeshea kontena, nao waliiondoa kwenye orodha ya wito zinazoruhusiwa kwa kawaida. Maana yake, programu yako inaweza kukimbia vizuri kwenye laptopu, ukiipandisha kwenye kontena inagoma kuanza.

Kwa jicho moja

| | Mteja aliye kimya anakula | Inapoumia | Ningeichagua kwa |
|---|---|---|---|
| Mchakato kwa kila mteja | megabaiti | wateja wa polepole | mfumo wa ndani, PHP ya zamani iliyokingwa na nginx |
| Thredi kwa kila mteja | makumi ya kilobaiti na zaidi | maelfu mengi kwa pamoja | huduma ya wateja mia kadhaa |
| epoll (nginx, Apache event, Node) | kilobaiti au pungufu | hesabu nzito, diski nzito | lango la mbele, WebSocket, faili |
| Go, thredi pepe za Java | kilobaiti chache | maktaba zinazong'ang'ania thredi | huduma mpya |
| io_uring | inategemea bafa | usalama, kerneli za zamani | hifadhidata, proksi, hifadhi ya faili |

Kwa tovuti ya kawaida ya biashara, weka nginx mbele na uache nyuma kile ulichonacho. nginx inapokea majibu kutoka PHP kwa kasi ya ndani ya mashine, inayaweka kwenye bafa zake, PHP inaachiliwa, na nginx inabaki na abiria wa Kitonga. Mpangilio huu mmoja unaokoa mashine nyingi kuliko kubadili lugha. Kwa programu ya kufuatilia bodaboda yenye WebSocket (miunganisho ya kudumu ya pande mbili) elfu thelathini wazi muda wote, usifikirie prefork hata kwa majaribio; nenda Go, Java 21 au Node, kulingana na wanachokijua watu wako. Kwa huduma inayokokotoa sana, kama kubana picha au kutengeneza PDF, njia ya soketi haina uzito. Hesabu viini vya prosesa na uweke foleni ya kazi.

Ukishachagua, yapo mambo yanayoweza kukuangusha kimyakimya. Kwenye mifumo mingi ukomo wa faili wazi kwa mchakato ni 1024, na kila mteja anayepitia nginx kwenda huduma ya nyuma anakula namba mbili: yake na ya upande wa nyuma. `worker_connections`, ukomo wa miunganisho kwa kila mchakato wa nginx, nayo inahesabu pande zote mbili, na chaguomsingi yake ni 512. Kwa hiyo nginx iliyosifiwa kwa kushika makumi elfu, ikiachwa na chaguomsingi hiyo, itashika wateja 256 wa proksi kwa kila mchakato. Pandisha `worker_rlimit_nofile` (ukomo wa faili wazi) na `worker_connections` pamoja.

Angalia pia poti. nginx inapofungua muunganisho mpya kwenda nyuma kwa kila ombi, Linux inatumia poti za muda kutoka 32768 hadi 60999, yaani 28,232 kwa anwani na poti moja ya nyuma. Muunganisho ukifungwa, poti inakaa katika hali ya `TIME_WAIT`, haitumiki tena mara moja, kwa sekunde 60. Gawanya, unapata takriban miunganisho mipya 470 kwa sekunde kabla ya kuanza kuona `Cannot assign requested address` kwenye logi. Endesha `ss -s`, amri inayohesabu soketi. Namba ya timewait ikikaribia elfu ishirini na nane, washa `keepalive`, yaani kutumia tena miunganisho iliyo wazi, kwenye sehemu ya `upstream` ya mipangilio ya nginx.